Marinda ya Kumbakumba

Mwaka 1979, nikiwa darasa la nne, kaka yangu alinyoosha hengas tatu za baba, akakata kandambili ya mama iliyokwisha kisigino, akaunda basi. Halikuwa basi la hivi hivi. Lilikuwa Ikarus, kumbakumba, lile refu la viwiliwili viwili lililopita Barabara ya Morogoro likijikunja kwenye kona kama jongoo. Mtaani kwetu Magomeni karibu kila mvulana alikuwa na gari la waya, ila kumbakumba hakuwa nalo mtu, na kikwazo kilikuwa kimoja: lile ungio la katikati. Kwenye basi lenyewe pale palikuwa na mpira uliokunjwakunjwa kama kinanda cha mkono, unavutika upande huu na kubanana upande ule. Kaka alijaribu tyubu ya baiskeli, ikakakamaa. Akajaribu mfuko wa nailoni, ukachanika kabla hajafika msikitini. Jumatano jioni akanifuata uani nilikokuwa naosha vyombo. Hakuwa amewahi kunifuata kwa shauri lolote la gari.

"Wewe si unajua kushona?"

Nilijua. Biashara tuliyofanya jioni ile nitaisimulia, maana ndiyo iliyonifanya niandike. Lakini haieleweki mpaka nieleze gari la waya lilikuwa nini kwetu, na sisi wasichana tulikuwa nani mbele yake.

Nimefundisha watoto wadogo kwa zaidi ya miaka thelathini. Wazazi huniuliza wanunue nini ili mtoto achangamke akili: mdoli gani, gari gani, siku hizi tableti gani. Nami huwauliza: atacheza na nani, na kwenye mchezo huo yeye atakuwa nani? Wengi hudhani nakwepa swali. Sikwepi. Nimejifunza kwamba kitu chenyewe humfundisha mtoto kidogo sana. Kinachomfundisha ni nafasi anayopewa kinapochezewa. Kwenye basi moja la waya kuna tajiri, fundi, dereva, kondakta na abiria, na mtoto akishazoea kuwa abiria ataondoka na uabiria wake hadi ukubwani.

Tuanze na basi. Anayetaka historia ya usafiri wa Dar es Salaam ataipata vitabuni, lakini mimi niliisoma barazani. Mjomba wangu, mdogo wake mama, alikuwa akitusimulia mabasi aliyoyaunda kwa boksi enzi zake, ubavuni yameandikwa DMT kwa mkaa. DMT ilikuwa kampuni ya Waingereza iliyobeba watu wa mji huu tangu 1949 hadi serikali ilipoitaifisha mwaka 1970. Mwaka 1974 ikagawanywa sehemu mbili: UDA ikachukua mji, KAMATA ikachukua safari za mikoani. Mgawanyo huo ulifika hadi mchangani kwetu. Wavulana wenye mabasi ya KAMATA walidai haki ya kuvuka mtaro na kwenda mitaa ya mbali, kwa hoja kwamba wao ni wa mikoani, na wale wa UDA wabaki kuzunguka msikiti. Wizara ya nani iliwapa leseni hatukujua, lakini mpaka uliheshimiwa.

Ndipo yakaja Ikarus ya Hungaria, na magari ya waya yakarefuka. Baadaye, mabasi ya UDA yalipoanza kulala gereji kwa kukosa vipuri, zikaingia pikapu ambazo abiria hukaa wakitazamana kama wanaokunywa chai, watu wakaziita chai maharage. Wadogo zetu wakaacha kuunda mabasi, wakaunda pikapu zenye viti viwili vya waya vinavyotazamana. Mwaka 1983 serikali iliporuhusu mabasi ya watu binafsi, nauli yake ikiwa shilingi tano, ile sarafu tuliyoiita dala, magari ya waya yalibadilika tena. Safari hii yaligeuka hata kwa sauti. Kondakta wa UDA alikuwa mtu wa serikali, anakata tiketi na kununa. Kondakta wa daladala alikuwa anaimba vituo. Nilimsikia mdogo wangu, ambaye hakuwa ametimiza miaka saba, akining'inia kwenye mlango wa choo cha uani na kuita abiria kwa sauti ya mtu mzima aliyekesha. Hakuna aliyemfundisha.

Sasa vifaa. Chesesi ilikuwa waya mnene wa fensi. Bodi ilikuwa hengas, au waya wa kufungia mizigo. Matairi yalikatwa kwenye kandambili kwa kisu kilichochomwa moto, na asiye na kandambili alitumia vifuniko vya kopo za rangi ya viatu. Springi ilikuwa ukanda wa tyubu. Taa zilikuwa vizibo vya soda. Kutoka kwenye ekseli ya mbele ulipanda waya mrefu hadi kifuani kwa dereva, na juu yake duara la usukani, hivi kwamba dereva alitembea wima, anaendesha kwa mikono, injini ikiwa mdomo wake mwenyewe.

Vyote hivyo vilihitaji koleo, na koleo lilikuwa moja, la fundi baiskeli aliyekaa chini ya mwarobaini pale kona. Nadhani lile koleo lilitulea kuliko walimu wengi. Kuliazima kulikuwa na kanuni. Unafika, unaamkia shikamoo, unanyamaza. Unafagia vumbi chini ya mti bila kuambiwa. Akimaliza kuziba pancha ndipo anauliza, "Haya, leo gari gani?" Unamweleza, naye anakukosoa: ekseli yako imepinda, matairi yatakula upande. Ukichelewa kulirudisha, wiki nzima hulipati, na wenzako wote hawalipati kwa ajili yako, kwa hiyo unachapwa mara mbili, mara ya kwanza na fundi kwa maneno, ya pili na wenzako kwa makonzi. Ndivyo wavulana wa mtaa wetu walivyojifunza maana ya amana.

Waya nao ulikuwa fedha. Pima moja ilinunua zamu tatu za kuendesha hadi bombani. Aliyeleta waya aliitwa tajiri, aliyekunja aliitwa fundi, na mara chache mtu mmoja alikuwa yote mawili. Tajiri asiyejua kukunja alipewa usukani kwa mali yake. Fundi asiye na mali alipewa kwa mkono wake. Wasio na mali wala mkono walikuwa makondakta, wakiokota tiketi za kweli kituo cha Mapipa na kuzikata upya.

Na wasichana? Sisi tulikuwa abiria. Utauliza, abiria wa basi lenye urefu wa mkono mmoja hufanya nini. Hutembea nyuma yake. Unalipa nauli kwa jani la mwarobaini, unapewa tiketi, unatembea kwa mstari nyuma ya basi kwenye jua, kondakta anakuambia usogee nyuma wakati nyuma hakuna kitu ila barabara. Nilisafiri hivyo miaka miwili. Nilishuka Mapipa, nikashuka Magomeni Kagera, nikarudi nyumbani na vumbi magotini, na sikumbuki hata siku moja kuona ajabu.

Tulikuwa na michezo yetu, na haikuwa midogo. Tulicheza rede: wawili wanarusha mpira wa soksi huku na huku, mmoja katikati anaukwepa na papo hapo anajaza mchanga kwenye chupa. Nimewahi kufikiri kwamba hakuna mchezo uliowahi kumweleza mwanamke wa Dar es Salaam vizuri kuliko huo, kwepa huku chupa yako isibaki tupu. Tulikuwa na mdako, kijiwe kimoja hewani na vingine shimoni, mkono ukiwahi. Kombolela tulicheza wote, wavulana kwa wasichana, hadi giza linapoingia na mama anaita kutoka mlangoni.

Tena tulikuwa na duka la kaya. Baada ya vita vya Kagera bidhaa zilipungua, na mtaa mzima ukawa unaishi kwenye foleni: sukari, sabuni, unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano uliopewa jina la timu kwa rangi yake. Watu waliweka mawe kushika nafasi zao foleni wakaenda kupika. Nasi tukapanga mawe yetu mbele ya kigoda. Kila mmoja wetu alitaka kuwa muuza duka, na utamu wa kazi hiyo haukuwa kuuza. Utamu ulikuwa kunyanyuka, kujifuta mikono kwenye kanga na kusema, "Sukari imekwisha, rudini kesho." Wenzako wanaondoka na mawe yao. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na moja, tayari nilikuwa nimeonja madaraka, na yalikuwa na ladha ya kumnyima mtu.

Vita vyenyewe tulivicheza kabla havijaisha. Asubuhi shuleni tulikimbia mchakamchaka tukimwimba nduli Idi Amin wa Uganda, jioni wavulana walishika bunduki za mti, wasichana tukawa wauguzi. Tatizo lilikuwa Amin, hakuna aliyemtaka. Siku moja tukampa kijana mgeni, aliyekuja kukaa kwa baba yake mdogo nyumba ya tatu kutoka kwetu. Alikuwa na lafudhi ya mbali, na hilo kwetu lilitosha. Alicheza vizuri, akapigwa madongo, akaanguka, akafa, kesho yake tukamwita tena. Ilipita mwezi ndipo mama akanieleza kwamba kijana yule ametoka Kagera, kwao ndiko majeshi ya Amin yalikopita Oktoba 1978, na familia ilikimbia na godoro moja. Nami nilikuwa nimemrushia donge. Watu wakiniambia mchezo wa watoto hauna ubaya, humkumbuka yeye alivyokuwa anajipangusa na kurudi mstarini. Alipendelea kuwa Amin kuliko kutokuwa mtu kabisa.

Kila nafasi ilitoka mahali fulani: redioni, barabarani, kwenye foleni, kwa wakubwa. Taifa Stars walipotoka sare Ndola mwaka huo huo wa 1979, kwa bao la Peter Tino, wakakata tiketi ya kwenda Lagos kwenye fainali za Afrika, kesho yake uwanjani kwetu kulikuwa na akina Peter Tino kumi na saba. Golini alisimama Mensah. Jina hilo alilichukua kwa Juma Pondamali, kipa wetu, na Pondamali mwenyewe alipewa kwa kumfananisha na Robert Mensah, kipa wa Ghana. Kwa hiyo mtoto wa Magomeni, mwenye soksi mikononi badala ya glovu, alibeba jina lililosafiri kutoka Afrika Magharibi hadi kwenye nguzo mbili za matofali.

Mahali pamoja tu palinipa nafasi niliyoitaka, napo ni kwenye hadithi. Redio Tanzania ilikuwa na kipindi cha Mama na Mwana, na sauti ya Deborah Mwenda ilituketisha kuizunguka redio, wakubwa kwa wadogo. Tulipoigiza hadithi hizo uani hakuna aliyeuliza sungura ni mke au mume. Nilikuwa sungura, nikamdanganya fisi, na fisi alikuwa kaka yangu. Mchezo ukiisha narudi kuwa abiria.

Sasa bibi.

Bibi mzaa mama alitoka Kisarawe, Mzaramo wa kweli kweli, na chini ya kitanda chake kulikuwa na kasha. Ndani ya kasha, chini ya kaniki, alilala mtoto wa mti. Alikuwa na urefu wa kiganja, hana mikono, hana miguu, kiwiliwili ni kigogo kilichonyooka chenye maziwa mawili madogo na kitovu. Kichwa chake kilipasuka juu mara mbili, kama nywele zilizogawanywa kwa njia ya katikati. Alikuwa mweusi wa kung'aa kwa mafuta ya miaka mingi. Nilimpata siku moja bibi akiwa sokoni, nikamfunga kitambaa, nikamlaza kwenye kopo, nikawaita wenzangu. Bibi aliporudi hakunichapa. Alimchukua kwa mikono miwili.

"Huyu si wa kuchezea, mke mwenzangu. Huyu ni mwana hiti. Mimi nilimlea kabla sijamlea mama yako."

Kwa Wazaramo, na kwa jirani zao Wakwere, Wadoe na Waluguru, msichana aliyevunja ungo aliwekwa ndani, akawa mwali, na katika siku za giza lile alipewa mwana hiti. Alimwogesha, akampaka mafuta, akalala naye. Asiye na wa mti alifungiwa bunzi la mahindi, na kazi ilikuwa ile ile. Waliamini kwamba anayemtunza vizuri atapata uzazi mwema. Mtafiti Marja-Liisa Swantz wa Ufini, aliyekaa Bunju miaka ya 1960 na kutoa kitabu juu ya mila za Wazaramo mwaka 1970, aliyaeleza haya kwa kirefu, na leo akina mwana hiti wengi wamesimama kwenye makabati ya vioo huko Ulaya, hawana wa kuwaogesha.

Nilipokuwa msichana nilimwonea bibi huruma kwa miezi yake ya giza na kijiti chake. Siku hizi namsoma vingine. Mwana hiti alikuwa na nafasi moja tu ya kumpa msichana, umama, na hakukuwa na zamu wala mnada. Lakini kuizunguka nafasi hiyo alikaa kungwi, wakakaa mashangazi, ikaja ngoma, ukaja mti wa mkole, na wanawake wa ukoo mzima walimjua kwa jina. Binti hakuachwa peke yake na mdoli wake. Mimi sikuwekwa ndani. Mama alikataa, akasema shule kwanza, na huo ndio ulikuwa wakati ambao serikali ilikuwa inaandikisha watoto wote darasa la kwanza. Hivyo mwana hiti alibaki kashani, nami nikabaki katikati: sikupewa mtoto wa mti wala usukani wa waya. Nilichopewa na bibi ni sindano.

Turudi uani, Jumatano ile.

Nilikuwa na sketi ya shule iliyonibana, ya buluu, ya marinda. Nilimwambia kaka naweza. Akasema nishone leo. Nikamwambia bei.

"Jumapili naendesha mimi. Kutoka hapa hadi Mapipa, na kurudi."

Alicheka. "Msichana haendeshi kumbakumba."

"Basi lishone mwenyewe."

Alhamisi alishona mwenyewe. Ijumaa nilimwona akiung'oa uzi kwa meno. Jumamosi alfajiri aliliweka basi miguuni kwangu, hakusema kitu.

Kilichomshinda ni hiki. Kitambaa kilicholegea hujaa tumboni na kunaswa na matairi, kilichobana hakikunjiki. Marinda yanataka kukunjwa kwanza ndipo yashikishwe. Kwenye sketi ile nilikata ukanda wa shubiri tatu, nikaukunja marinda tisa, kila moja upana wa kidole, nikayapiga bandi kwa uzi mrefu. Nikakoroga wanga wa muhogo mwepesi, nikauchovya ukanda, nikauacha ukauke nusu, kisha nikaupiga pasi ya mkaa, rinda kwa rinda, kama bibi alivyonionyesha kwa gauni zake za sikukuu. Ukatoka mgumu kama karatasi, ila ukiuvuta unafunguka na ukiuachia unarudi. Nikaufunga kwenye fremu mbili za waya kwa uzi wa nyavu, nikautoa ule uzi wa bandi. Chini kaka alishapitisha spoku ya baiskeli kama pini, ili viwiliwili vigeuke bila kuachana. Tulilipindisha basi mkononi. Marinda ya upande mmoja yakafunguka, ya upande wa pili yakalala. Kaka alipiga mluzi mmoja, mrefu.

Jumapili alasiri ndio wakati barabara ilikuwa yetu. Mafuta yalikuwa haba, na serikali ilikuwa imekataza magari ya watu binafsi kutembea saa hizo, kwa hiyo lami ililala kimya hadi ungeweza kusikia kandambili za mtu wa ng'ambo. Nilishika usukani. Nyuma yangu walijipanga wavulana sita, kaka yangu akiwa wa kwanza, kila mmoja na jani lake la nauli. Ahadi ni ahadi.

Kumbakumba halikuendeshwa kama gari la kawaida. Unapokata kona, mkia hauzunguki ulipozunguka wewe, unakatisha. Hilo hakuna aliyeniambia, kwa sababu hakuna aliyelijua. Kona ya kwanza, ya msikiti, nilikata mapema, mkia ukapanda ukingo, basi likalala ubavu, na wavulana wakapiga kelele kama waliokuwa wakingoja. Kaka hakucheka. Alichuchumaa akatazama ungio. Halikuwa limechanika. Kona ya pili nilikwenda mbele zaidi, nikazidisha kidogo, ndipo nikageuka, na mkia ukafuata taratibu, marinda yakifunguka na kujifunga. Nikafika Mapipa. Nikarudi.

Jirani mmoja aliyekaa barazani alinipigia kelele, nimekuwa dume lini. Taarifa ilinitangulia nyumbani. Nilijua fimbo inaningoja. Bibi akaomba aletewe hilo basi. Aliliweka mapajani, akayapapasa marinda kwa kidole gumba, akauvuta ukanda na kuuachia mara mbili.

"Nani kakufundisha kukunja hivi?"

"Wewe, bibi."

Akalizungusha, akatazama chini kwenye pini. Kisha akacheka hadi meno yake matatu yakaonekana. "Mke mwenzangu, basi lako limevaa sketi."

Fimbo ikapita. Kabla ya mvua za vuli wavulana wanne walikuwa wameniletea fremu zao, na bei yangu ilikuwa ile ile, zamu. Wasichana wengine wawili nikawafundisha kukunja, nao wakadai zao. Sitadanganya kwamba mtaa ulibadilika. Kaka aliendelea kujisifu kwamba kumbakumba la kwanza ni lake, na ni kweli lilikuwa lake. Lakini mstari wa abiria haukuwa tena wa wasichana peke yao.

Kizazi cha waya hakikudumu. Katikati ya miaka ya 1980 biashara ilifunguliwa, mitumba ikarudi, na ndani ya marobota wakaja madubu ya pamba na wadoli wa nywele za njano. Kariakoo ikajaa magari ya plastiki kutoka China. Bara hatukuwa na televisheni hadi 1994, wakati Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya mwanzo ya 1970, kwa hiyo kwetu runinga na gari la plastiki viliingia karibu pamoja, na vyote viwili vilimwita mtoto kutoka uani kwenda sebuleni. Sitaki kuwa yule mzee anayesifia umaskini wake. Waya ulitukata mikono, kandambili ya mama ilikuwa ya mama, na kijana wa Kagera alikula madongo kwenye huo huo uwanja ninaousifia. Nimewaona wanafunzi wangu wakijifunza kuhesabu kwa katuni za Ubongo Kids, zilizoanza hapa hapa Dar mwaka 2014 kwa Kiswahili, na sikumbuki redio yetu ikinifundisha sehemu na asilimia.

Kilichobadilika ni zamu. Gari la plastiki lina mwenyewe mmoja. Limekuja limekamilika, halihitaji waya wa tajiri wala mkono wa fundi, wala marinda ya mtu. Halihitaji koleo, kwa hiyo hakuna anayefagia chini ya mwarobaini. Gurudumu likitoka limekwisha. Tena linakuja na rangi inayosema ni la nani kabla mtoto hajafungua mdomo: dukani upande huu wa waridi, upande ule wa buluu. Kaka yangu angalau ilibidi aniambie kwa kinywa chake kwamba msichana haendeshi, na neno lililosemwa kwa kinywa hujibiwa.

Kwa hiyo darasani kwangu nilikuwa naweka kapu la vizibo, vitambaa, kamba na maboksi, na kanuni moja: anayetaka kuendesha lazima kwanza awe amebeba kitu cha mwenzake. Wakaguzi walidhani ni takataka.

Mwaka 2016 mabasi ya mwendokasi yalipoanza, marefu ya mita 18 yenye ungio katikati, yalipita Barabara ile ile ya Morogoro, Magomeni ile ile. Nilikuwa nimeshazidi miaka arobaini na saba, na mwili wangu wa mwalimu ulitaka kiti. Lakini nilipopanda nilikwenda kusimama pale kwenye ungio, juu ya sahani inayozunguka, viganja vyangu karibu na ule mpira uliokunjwa. Dereva alikuwa mwanamke. Tulipokata kona yale makunjo ya kulia yakafunguka na ya kushoto yakalala, nami nikajikuta nayahesabu.

Niliposhuka nilimpigia kaka, ambaye siku hizi anakaa Morogoro na magoti yanamsumbua. Nikamwambia nimepanda kumbakumba, linaendeshwa na mwanamke. Alinyamaza kidogo.

"Kona anakata vizuri?"

"Kama nilivyokata mimi."

"Wewe," alisema kaka, "ulipanda ukingo."